Kisima cha Maswali: Maji ya rangi ya strungi

Wasomaji wangu, mwezi huu simu imejaa. Tangu nijibu lile swali la pondi zinazonuka, watu wameanza kuniuliza kuhusu mashimo, yaani mahali watu wamechimba udongo mweusi wa kinamasi wakauondoa, maji yakaingia yakakaa, sasa kuna ziwa ama kidimbwi na kila mtu anataka kujua hayo maji ni ya kunywa, ya kuogelea, ya samaki ama ni ya kuangaliwa tu kwa mbali. Nimechagua maswali matano. Naanza na lile la mbali kabisa kwa sababu ndilo litafungua mengine.

Kutoka Finland

Mwalimu, habari ya Kisumu? Mimi ni msichana wa Kajulu, huu ni mwaka wangu wa tatu huku, nafanya unesi kwa nyumba ya wazee. Karibu na hapa ninakaa kuna ziwa dogo, lakini wazee wananiambia zamani halikuwa ziwa, ilikuwa mahali pa kuchimba udongo wa kuchoma, wakamaliza wakafunga mitaro maji yakajaa. Saa hii watu wanaogelea na wanavua. Shida yangu ni rangi. Mwalimu, hiyo maji ni strungi, chai ya rangi bila maziwa! Ukiingia mpaka magoti huoni vidole vya miguu. Na hawa watu wanaingia na watoto wanacheka tu. Kweli hii maji ni safi? Na samaki wake nile ama niache?
Nesi wa Kajulu

Dada, salimia wazee wako. Hapo kwa vidole vya miguu nimecheka, lakini swali ni la maana.

Huo udongo wa kuchoma unaitwa piti. Ni mimea iliyofia kwa maji, na kwa sababu maji yaliziba hewa haikuoza ikaisha, ililala tu, mingine ikaangukia juu yake, miaka nenda miaka rudi. Unaongezeka kama milimita moja kwa mwaka, kwa hivyo mita moja ya piti ni kazi ya miaka kama elfu moja. Finland na Ireland waliuchimba sana wakauchoma kwa mitambo ya stima, na usidhani ni mambo ya Wazungu peke yao, majirani zetu Burundi wanauchimba tangu zamani na Rwanda wanauchoma kutengeneza stima. Ukishamaliza kuchimba unabaki na uwanja mweusi uliokatwakatwa na mitaro, na ukifunga hiyo mitaro maji yanarudi yenyewe.

Sasa rangi. Jibu umelisema mwenyewe bila kujua. Strungi ni majani yaliyolowekwa, na ziwa lako pia ni majani yaliyolowekwa, tofauti ni kwamba hayo ya huko yamelowekwa karne nyingi na hakuna mtu alitia sukari. Kuna njia rahisi ya kutofautisha rangi hiyo na uchafu wa tope. Chota maji kwa glasi ya kioo uiweke dirishani usiku kucha. Maji ya tope, kama yale ya Nyando wakati wa mvua, asubuhi tope litakuwa limelala chini na juu kumeanza kusafika. Lakini strungi hata ukiiacha wiki nzima bado ni strungi, kwa sababu rangi imeyeyuka ndani, haielei. Ukiona hivyo jua ni rangi ya mimea, na rangi ya mimea peke yake haimdhuru mtu anayeogelea. Hayo maji huwa na asidi kidogo, lakini ngozi haijali.

Kitu cha kuogopa huko ni kingine. Maji meusi hunywa jua lote hapo juu juu, kwa hivyo unaweza kuta nusu mita ya juu ina joto zuri halafu miguu ikishuka kidogo unakuta baridi ya kukata pumzi. Pili, mtoto akizama kwa maji kama hayo humuoni. Usisimame ufukweni ukitegemea macho, ukienda na mtoto wa mtu kaa naye ndani, mkono ukifika.

Samaki je? Hapa nitakuwa mkali kidogo. Zebaki huanguka na hewa kutoka kwa viwanda na makaa ya mawe, na kinamasi huikusanya kama shuka jeusi linavyokusanya vumbi. Ukifurika hiyo ardhi, kuna bakteria wanaoishi bila oksijeni ambao huigeuza zebaki ikawa ile aina inayoingia kwa nyama ya samaki na haitoki haraka. Kadudu kanaliwa na samaki mdogo, samaki mdogo analiwa na mkubwa, na kila hatua zebaki inarundikana. Kwa hivyo wa kuogopa ni yule anayekula wenzake, na huko kwenu ni yule wanayemwita hauki, mwenye mdomo kama wa bata na meno kama msumeno. Mamlaka ya chakula ya Finland yenyewe inasema watoto, vijana na watu wa umri wa kuzaa wasimle zaidi ya mara moja ama mbili kwa mwezi, na mama mjamzito au anayenyonyesha asimle kabisa. Hiyo ni kwa maziwa yote, na yale ya rangi ya strungi ndiyo huwa na zebaki zaidi. Wale wadogo kaanga tu, ukikosa omena utafanyaje.

Kutoka Kanyaboli

Kwako Mwalimu. Sisi ni kikundi cha vijana kumi na wawili upande wa Kanyaboli. Mwaka jana tulianza kuchimba ule udongo mweusi pembeni ya kinamasi tukiuzia watu wa miche, na pahali tumetoa udongo tukasema tufuge samaki. Shimo ni kubwa kama darasa hivi. Lilikaa wazi kiangazi chote halafu mvua ikalijaza. Mwanzo maji yalikuwa meusi lakini baada ya wiki chache yakawa safi mpaka tunaona chini, tukafurahi sana. Tukanunua vifaranga 300 vya ngege. Mwalimu, siku ya pili wote walikuwa wanaelea. Kwa kuta za shimo kuna kitu kama kutu na mahali pengine manjano. Kuna jirani ambaye tulikosana na yeye juu ya mpaka na tunaamini ametia dawa. Tufanye nini kabla tupeleke hii maneno kwa chifu?
Kikundi

Vijana wangu, kwanza hayo maneno ya chifu yawekeni chini kabisa. Sidhani jirani yenu ana kesi. Mmejiwekea dawa wenyewe na hamkujua.

Nimesoma barua yenu mara tatu na mambo manne yananiambia kitu kimoja: shimo lilikaa wazi kiangazi, maji yakasafika ghafla, kuta zina kutu na manjano, samaki wakafa wote kwa pamoja. Hiyo ni asidi. Nitawaeleza vile inatokea, kwa sababu mkielewa hamtarudia.

Ndani ya tope la kinamasi la zamani mara nyingi kuna salfa iliyoshikana na madini ya chuma. Ikiwa chini ya maji, bila hewa, imelala na haisumbui mtu. Siku mnaifunua, oksijeni inaingia, ile salfa inageuka kuwa asidi, tena si asidi ya ndimu, ni ile ile iliyoko ndani ya betri ya gari. Kiangazi kizima kuta zenu zilikuwa zinapika asidi polepole bila moshi. Chuma kinabaki kama kutu, na yale manjano yaliyopauka kama nyasi kavu ni alama yake nyingine, mtu yeyote wa udongo akiona hiyo rangi kwa kinamasi kilichokaushwa anashtuka. Halafu mvua ikaja ikaosha kuta, asidi yote ikateremka kwa maji.

Sasa hapa ndipo mlipodanganyika, na hata mimi zamani nilidanganyika. Kwa nini maji yakasafika? Asidi ikiwa kali hutoa alumini kutoka kwa udongo wa mfinyanzi, na alumini hushika ile rangi ya strungi ikaiburuta mpaka chini. Ni kama vile mama zetu walivyokuwa wakisugua shabu kwa mtungi maji yasafike. Kwa hivyo maji yenu yaling'aa kwa sababu hakuna kitu kinaweza kuishi humo. Na hiyo alumini ikikutana na shavu la samaki inaganda hapo, anakosa pumzi akiwa katikati ya maji. Kamongo pengine angevumilia kidogo maana yeye hupanda juu kuvuta hewa, lakini kifaranga cha ngege hana hiyo bahati.

Na hamko peke yenu. Kule kule Finland kwa nesi wetu, mashariki, kuna mahali panaitwa Linnunsuo ambapo walichimba piti mpaka wakafikia udongo wa aina hiyo. Mwaka wa 2010 asidi ikateremka kwa mto Jukajoki samaki wakafa, na 2011 ikarudia. Maji yalipimwa yakapatikana na pH, yaani kipimo cha asidi, ya 2.77, sasa kumbukeni maji ya kawaida ni 7 na kila namba moja ukishuka asidi inazidi mara kumi. Walioona kwanza ni wavuvi wa kijiji, si watu wa ofisi. Wakakataa kunyamaza, na 2013 uwanja huo ukafurikwa ukawa kinamasi tena, ndege wakarudi, na Tero Mustonen aliyeongoza hao wanakijiji akapewa tuzo ya Goldman ya mazingira 2023. Dawa yao kubwa ilikuwa nini? Maji. Walirudisha maji juu ya tope hewa isiingie tena.

Na nyinyi anzieni hapo. Msilikaushe hilo shimo, hata mkisikia mtu anasema mlikaushe mlisafishe, mkataze. Nunueni vikaratasi vya kupima pH kwa agroveti ama maduka ya vifaa vya maabara mjini, si ghali. Pimeni maji asubuhi, kona zote nne na katikati, na mpime pia maji yanayochuruzika ukutani baada ya mvua kwa sababu hayo ndiyo mkosaji mwenyewe. Ngege anataka kati ya 6.5 na 9. Chini ya 5 msiweke kitu.

Halafu kuna kipimo cha subira ambacho mimi hukipenda sana. Chukueni tope kutoka chini, kiasi cha ngumi, mchanganye na maji safi kidogo mpime. Hilo tope libaki na unyevu kwa sahani ya plastiki, kivulini, wiki nane, mkilinyunyizia maji likitaka kukauka. Mpime tena. Nilifanya hivyo na tope la rafiki yangu mmoja, siku ya kwanza kikaratasi kilikuwa kijani kabisa, nikaweka sahani juu ya kabati nikaisahau, mke wangu akawa anauliza ni uchawi gani huu unanuka mayai viza. Wiki ya nane kikaratasi kikatoka chekundu kama nyanya. Tope lile lile, sahani ile ile, hewa tu ndiyo iliingia. Lenu likianguka chini ya 4 jueni kila jembe mnalopiga hapo linafungua betri nyingine.

Chokaa ya shamba itasaidia, kwa pondi zenye asidi watu huanzia tani moja mpaka mbili kwa hekta, na shimo la ukubwa wa darasa hesabu yake ni kilo chache tu, gunia moja litatosha kuanza na kubaki. Lakini kama ukuta unaendelea kutoa asidi mtakuwa mnaweka chokaa kila mvua, kama kumpa mlevi supu. Zibeni kuta kwa udongo wa mfinyanzi mzuri na maji yafike juu kabisa ya ule mstari wa kutu.

Jambo la mwisho kwenu, na mtanisamehe. Hayo maji msiyafungulie yaende Ziwa Kanyaboli. Hilo ziwa ni mojawapo ya makimbilio yaliyobaki ya ngege wa asili, yule aliyekaribia kuisha kule ziwa kubwa baada ya mbuta na samaki wengine wa kuletwa. Mkimwaga asidi huko mtakuwa mmeua ndugu wa hao vifaranga wenu. Na kinamasi cha Yala kina sheria, kanuni za ardhi oevu za 2009 zinataka kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, kabla ya kuchimba, kwa hivyo mkienda kwa chifu kushtaki jirani mtajikuta nyinyi ndio mnaulizwa kibali. Udongo wa miche mnaweza kutengeneza kwa mboji, si lazima muuze miaka elfu kwa gunia. Jirani mwendeeni pole pole kabla hajasikia kutoka kwa mtu mwingine.

Kutoka Kingwal, Nandi

Habari Mwalimu, huku kwetu watu wa matofali walitoa udongo mweusi wa juu wakachukua wa chini, wakaacha mashimo. Sisi ndio tunachota maji hapo kiangazi. Ni ya kahawia. Mimi naweka dawa ya klorini vile imeandikwa kwa chupa lakini harufu ya dawa inapotea mara moja, na watoto bado wanahara. Je dawa ni feki?
Mama watatu

Mama, dawa yako pengine ni nzuri tu, inaliwa. Ile rangi ya kahawia ni mabaki ya mimea, na klorini haichagui, inashambulia kila kitu inachokutana nacho, kwa hivyo kabla ifike kwa viini imeshamalizika kwa rangi. Hiyo ndiyo sababu harufu inapotea. Ukiona baada ya nusu saa hakuna kaharufu kadogo ka dawa, jua haikubaki ya kulinda watoto.

Usiongeze dawa tu kiholela. Punguza rangi kwanza. Maji yakae kwa ndoo yatulie, yapitishe kwa leso iliyokunjwa mara nne, na kama unapata shabu itumie, koroga kwa nguvu kidogo halafu polepole, utaona mabonge ya kahawia yanajikusanya yanashuka. Mimina ya juu taratibu kwa chombo kingine. Hapo sasa weka dawa, funika, subiri nusu saa, na asubuhi ya baridi ya huko kwenu subiri saa nzima. Ile njia ya chupa juani iache kabisa kwa maji haya, rangi inazuia miale.

Kuchemsha kunaua viini, huko juu kwenu acha yatokote dakika tatu. Rangi haitaisha lakini kuhara kutaisha. Na kuna watu watakutisha kwamba klorini ikikutana na rangi inatengeneza kemikali mbaya. Ni kweli inatengeneza, hata Ireland, nchi ya vinamasi vya piti, ilishindwa kesi kwa mahakama ya Umoja wa Ulaya Januari 2024 kwa sababu hiyo kemikali ilizidi kwa maji ya mifereji. Lakini hayo ni madhara ya kuhesabu kwa miaka mingi ya kunywa, kuhara kunaua mtoto kwa siku mbili. Usiache dawa kwa kuogopa hiyo. Punguza rangi ndio kemikali ipungue.

Na Mama, si una mabati? Mfereji wa mabati na tangi moja, maji ya kwanza ya mvua uyaache yaoshe paa, yanayofuata ni yako. Hilo shimo libaki la ng'ombe, tena nao uwatekee, wasiingie.

Kutoka Nakuru

Mwalimu mimi nauza miche ya sukuma na kabeji, hapa Nakuru tunapanda kwa trei na ile piti-mosi ya kununua. Ni ukweli inatoka kwa hayo maziwa unayosema?
Mkulima wa trei

Inatoka huko huko, angalia gunia utaona jina la nchi, mara nyingi ni Finland ama zile nchi za Baltiki. Ireland kampuni ya serikali, Bord na Móna, ilitangaza Januari 2021 kwamba imeacha kuchimba piti moja kwa moja, na sehemu za mashimo yake ya zamani kama pale Lough Boora sasa ni maziwa ya ndege na wavuvi. Mchanganye nusu kwa nusu na kokopiti ile ya makumbi ya nazi, uioshe kwanza chumvi itoke, na miche yako haitajua tofauti. Mimi nimejaribu na nyanya.

Kutoka Kisumu mjini

Mwalimu mwenzangu, nafundisha Jiografia sekondari. Wanafunzi wameniuliza kitu nikakosa jibu. Ziwa ambalo limetengenezwa kwa shimo la kinamasi, linachukua muda gani maji yake kuwa mazuri? Na ni kwa nini tusiseme hivyo hivyo kwa ghuba yetu ya Winam ambayo imegeuka kijani?
Mwalimu wa Jiografia

Hao wanafunzi wapewe soda kwa gharama yangu.

Nitawapa mfano wa zamani kuliko wote ninaoujua. Norfolk, mashariki mwa Uingereza, kuna maziwa mengi ya kina kifupi yanayoitwa Broads. Watu walikaa wakidhani Mungu ndiye aliyaumba. Mpaka miaka ya 1950 mwanamama wa mimea, Joyce Lambert, alipotoboa tope lake mashimo kwa mamia akagundua kingo zimesimama wima na sakafu iko tambarare kama ya nyumba, na katikati kumebaki vipande virefu vya piti kama kuta za mpaka wa mashamba. Ni watu walichimba! Walichimba piti ya kuni kuanzia karne ya 12, bahari ikapanda, kufikia karne ya 14 mashimo yakaanza kujaa. Kwa hivyo haya ni maziwa ya shimo la piti yaliyokwisha kaa miaka 600.

Na je, maji yake yakoje? Yalikuwa mazuri sana, ya kuona chini, yamejaa nyasi za maji. Kisha karne ya 20 yakageuka kijani. Si kwa sababu ya piti, piti ilishasameheka zamani. Ni choo. Maji machafu ya miji yalileta fosforasi, mashamba yakaleta mbolea, mwani ukashiba ukafunika jua, nyasi za chini zikafa. Hapo mwisho wa miaka ya 1970 wakaanza kutoa fosforasi kwa maji taka yanayoingia Barton, mojawapo ya yale makubwa, wakangoja. Wakangoja. Maji yakabaki kijani.

Hapa ndipo wanafunzi waandike. Fosforasi ilikuwa imeshaingia kwa tope. Kwa tope, madini ya chuma huishika fosforasi vile mzazi anavyoshika mkono wa mtoto pale Kibuye siku ya soko. Lakini chuma kinaweza kushika tu kukiwa na oksijeni. Oksijeni ikiisha huko chini, mkono unaachia, na mtoto anapotelea kwa umati. Ziwa linaanza kujilisha lenyewe kutoka kwa sakafu, hata kama mmefunga bomba la juu. Kwa hivyo Barton walilazimika kuingia na mashine wakafyonza tope kuanzia 1996 miaka kadhaa mfululizo. Ziwa jingine dogo, Cockshoot, walilitenga na mto kwa ukuta 1982 wakafyonza tope, nyasi zikarudi, lakini baadaye maji yakaanza kuchafuka tena, wakaja kugundua samaki wadogo walikuwa wanakula vile vidudu vinavyokula mwani. Wakatoa samaki. Yaani unaweza kufanya kila kitu sawa na bado ziwa likakushinda kwa kitu kidogo hivyo.

Na kinamasi kilicholimwa ama kuchimbwa kikifurikwa upya kinafanya mchezo huo huo miaka ya kwanza, sakafu inatema fosforasi na amonia, ndiyo maana kuna wanaokwangua kwanza ile tabaka ya juu iliyooza kabla ya kufungulia maji. Kwa hivyo jibu la muda ni kwamba inategemea sakafu imebeba nini na nani bado anamwaga nini juu yake. Ziwa la nesi wetu likiachwa hivyo pamoja na msitu wake litatulia na strungi yake. Shimo la vijana likifunikwa maji litatulia.

Winam ni hadithi ya Broads, si ya Kanyaboli. Ni mkono wa ziwa usio na kina kirefu, mdomo mwembamba, mito inaleta udongo wa mashamba na mbolea, miji inaleta choo, na tope la chini limeshiba miaka mingi. Ile rangi ya kijani kama rangi ya kupaka unayoona Dunga asubuhi kukiwa hakuna upepo si majani ya kawaida, ni bakteria wa kijani na wengine hutengeneza sumu ya ini, na waambieni watoto hiyo sumu haiishi kwa kuchemsha. Unaona sasa vile macho yanadanganya pande zote? Ya kahawia ya Finland unaogelea, ya kioo ya Kanyaboli yaliua, na ya kijani ya kwetu tunafulia nguo.

Kuna kitu kimoja watoto wanaweza kufanya jioni wakienda ufukweni ama kwa mtaro wowote wa kinamasi. Wakiona utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua juu ya maji wasikimbilie kusema ni petroli. Wachukue kijiti waguse. Petroli inazunguka inajifunga tena. Ukivunjika vipande kama gamba la yai ukabaki hivyo, ni bakteria wa chuma, ujue chini hapo chuma kinapanda kutoka mahali hakuna hewa. Ni darasa zima la kemia bila kulipa maabara.

Kabla ya kurasa hizi kwenda kwa printa vijana wa Kanyaboli wamenitumia picha. Kikaratasi kwa maji ya katikati kinasoma kati ya 4 na 5, na kile cha maji ya ukutani ni chekundu, wameandika chini yake 3 na alama za mshangao. Jirani wameshamwendea, amewakopesha wilbaro ya kubebea udongo wa mfinyanzi. Na wanauliza, kwa kuwa mmoja wao anafanya kazi ya rangi na ana mfuko umebaki, kama chokaa ile ya kupaka ukuta inaweza kutumika. Hapana jamani, hiyo ni kali na itarusha maji upande wa pili kwa siku moja. Ya shamba.